Uzi: Maswali ya Kiswahili, nyimbo na historia yaliyojaa kwenye daftari langu la kibandani

Mwanzisha uzi

Wadau, hamjambo.

Jumamosi iliyopita mama mmoja alisimama kibandani pangu na binti yake wa gredi ya sita, wakitafuta kitabu cha hadithi. Mama alipokuwa akinibembeleza nishushe bei, mtoto alikuwa amechuchumaa akihesabu vitabu juu ya turubai kwa kidole. Mara akainua kichwa: "Mzee, mbona tunasema watu watano, tena watu wanane, lakini hatusemi watu wasita?"

Mama akamwambia aache kusumbua watu. Nikamwomba amwache. Hilo ni swali ambalo wengi wetu tumelipita tangu utotoni bila kuliona.

Nauza vitabu vya mitumba hapa katikati ya jiji la Nairobi, upande wa chini wa barabara ya Tom Mboya, mwaka wa 14 sasa. Nina daftari la jalada la buluu ambamo huandika kila swali ninaloulizwa na wateja. Nikikosa jibu hulisaka kwenye vitabu hivi hivi ninavyouza, na nikilipata naliandika chini ya swali. Leo naleta yale yanayorudi mara kwa mara. Karibuni, na mwenye la kuongeza aongeze.

Nianze na la mtoto. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni urithi wetu wa Kibantu. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, pamoja na ishirini, thelathini na wenzake, mpaka mia na elfu. Ngeli huzishika namba za nyumbani na kuzivika kiambishi: mtu mmoja, watu wawili, watatu, wanne, watano, wanane. Namba zilizoshuka na jahazi zimebaki jinsi zilivyoshuka: watu sita, watu saba, watu tisa. Kwa hiyo sikio la mtoto yule lilikuwa limeona mshono, mahali kitambaa cha zamani kilipoungwa na kipya.

Je, kabla ya jahazi watu walihesabu vipi? Sita iliitwa tandatu. Saba iliitwa mfungate, na alama yake bado tunayo: fungate, zile siku saba za maharusi. Tisa iliitwa kenda.

Nilipotamka kenda, mama akaacha habari ya bei. "Hiyo ni Kikuyu!" Akahesabu palepale, akikunja vidole: ithathatũ, mũgwanja, inyanya, kenda. Nikamwambia ni kweli, na pia ni Kiswahili cha kale, kwa sababu lugha hizi ni ndugu. Kisha nikamwuliza binti: Mijikenda ni nani? Akajibu ni watu wa Pwani. Nikamwambia alikate jina vipande viwili. Akalikata kwa sauti ndogo, "miji... kenda", kisha akaanza kuwataja wale tisa aliofundishwa shuleni: Wagiriama, Wadigo, Waduruma... Alipofika wa tano akakwama, lakini tayari alikuwa anatabasamu.

Msomaji wa Umoja

Mzee, nimeipenda hii. Lakini nakushika hapo. Umesema kumi ni ya Kibantu. Basi mbona hatusemi watu wakumi?

Mwanzisha uzi

Umenishika kweli, na hiyo sikuwa nimeiandika daftarini. Nipe muda nikaangalie. Nitarudi nayo kabla uzi huu haujaisha.

Wakati nikitafuta, tuendelee na lililoulizwa mara nyingi kuliko yote: saa na siku. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua likichomoza, na sisi tunaokaa karibu na ikweta jua letu halina ubishi: Nairobi huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Kwa hiyo saa ya kwanza ya mchana ndiyo saa moja. Hakuna zaidi.

Siku za juma zina utamu zaidi. Ijumaa ni siku ya mkusanyiko, na inayofuata ndiyo ya kwanza: Jumamosi, juma mosi. Halafu pili, tatu, nne, tano. Jumatano ni ya tano. Lakini Alhamisi kwa Kiarabu maana yake pia ni ya tano, maana Waarabu wao huanza kuhesabu Jumapili. Hivyo kila wiki Mswahili anaishi siku za tano mbili zinazofuatana, moja ya hesabu yake na moja ya hesabu ya jirani, na hajawahi kukosa sokoni kwa sababu hiyo.

Dereva wa Embakasi

Na ashu je? Tangu utotoni shilingi kumi ni ashu. Mwalimu wetu alikuwa anatuambia ni takataka ya mtaani.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hilo linaniuma, kwa sababu ashu ina ukoo. Ashara ni kumi kwa Kiarabu, na imo katika Kiswahili cha zamani. Kumi yetu ilikataa kuondoka, ndiyo maana ashara haikukaa kwenye hesabu za kila siku. Lakini mitaa ya Eastlands iliiokota, ikaikata mkia, ikaipa kazi kwenye matatu. Mtoto anayemwambia kondakta "ashu" ameshika neno lililovuka bahari. Sheng ina mambo mengi ya kujadiliwa, lakini hili la kuambiwa ni takataka silikubali.

Mama Kayole

Mimi swali langu ni la hujambo. Wageni wanatusalimia "jambo", na watoto wangu wananiuliza mbona sisi hatusemi hivyo.

Mwanzisha uzi

Dada, hapa sarufi yenyewe inasema. Hu- ni ukanusho wa nafsi ya pili: unasoma, husomi. Hujambo ni kama kusema "huna jambo?", yaani hakuna lililokupata? Nawe unajibu sijambo, sina jambo. Hamjambo, hatujambo. Hajambo, hawajambo. Salamu yetu ni swali kuhusu shida, na jibu lake ni kuikana shida. Ukiondoa hu- ukabaki na jambo tupu, swali limeondoka na kilichobaki ni shida peke yake. Mgeni ana haki ya kukosea, tumwitikie kwa uzuri. Ila watoto wetu wajue wanachokisema.

Shikamoo nayo ni ya namna hiyo: nashika miguu yako. Mkubwa akijibu marahaba, amempokea mdogo. Hapa Nairobi salamu hii imekuwa adimu, watu wanaona ni ya Tanzania au ya Pwani. Mimi kuna kijana mmoja hunipitia kila asubuhi na shikamoo yake, na sijui kama anajua namna anavyonifungulia siku.

Mwanafunzi Rongai

Ni kweli Kiswahili ni Kiarabu kilichobadilishwa? Tulibishana bwenini mpaka taa zikazimwa.

Mwanzisha uzi

Si kweli, na ushahidi umelala hapa kibandani. Kitabu. Neno limetoka Kiarabu, kitab, na Mwarabu wingi wake ni kutub. Mswahili alipolipokea alisikia "ki" mwanzoni. Kwake yeye ki- ni kiambishi: kiti viti, kisu visu. Basi kitabu, vitabu. Hakuuliza ruhusa. Alichukua neno zima la watu, akalipasua katikati mahali ambapo wenyewe hawakuwahi kuona ufa, akalitia kwenye ngeli yake. Lugha iliyokuwa Kiarabu isingefanya hivyo, maana mwenye nyumba ndiye anayeamua wageni waketi wapi.

Wataalamu hukiweka Kiswahili katika kundi la Kisabaki, pamoja na lugha za Mijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro. Hao ndio ndugu zake wa tumbo moja. Kiarabu ni rafiki wa miaka mingi aliyeleta zawadi nyingi, na jina la lugha likiwemo: sawahil, pwani.

Fundi wa Grogan

Hiyo ya kitabu nimeielewa kwa kazi yangu. Sisi kwenye magari tunasema madigadi mawili, digadi moja. Ni Kiingereza hicho, lakini ma- tumeifanya ya wingi.

Mwanzisha uzi

Fundi, umenipa mfano bora kuliko wangu. Wenzetu wa Dar es Salaam nao wana kiplefti na viplefti, mzunguko wa barabara wenye kibao kilichomwagiza dereva akae kushoto. Ni mkono uleule uliofanya kazi kwenye kitabu.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye maneno ya kupokea, hili la Wareno huulizwa sana na wanafunzi. Walikaa Pwani karibu miaka 200, wakatuachia meza, bendera, kasha, mvinyo, leso. Lakini linalonifanya niweke kalamu chini kila nikilifikiria ni gereza. Kwa Kireno igreja ni kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, na Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa nalo. Jina la kanisa likaganda kwenye ngome nzima. Wareno wakaondoka, watawala wakabadilishana, ngome zikawa mahali pa kufungia watu, na Waingereza wakaifanya Fort Jesus kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Neno lilianza likiwa na maana ya nyumba ya ibada, likaishia kwenye minyororo. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Ni watu waliopita nje ya ukuta ule siku baada ya siku, wakaita walichokiona.

Mwana wa Mji wa Kale

Mzee, mimi ni wa Mombasa ingawa naishi South B. Kwenye leso naomba niongeze. Lenço ya Mreno ni kitambaa cha mkono. Leso yetu ya leo ni doti, vipande viwili, na lazima iwe na jina, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini. Mama zetu walikuwa hawanunui kwa rangi pekee, walikuwa wanasoma jina kwanza. Ukipewa leso uisome, huenda umetumiwa ujumbe. Tanzania wao huita kanga, na wazee husimulia kwamba ni kwa sababu za mwanzo zilikuwa na madoa kama ya yule ndege. Na kitu kingine: tafadhali waelezee vijana kwamba Kimvita si makosa. Nikiwa shule hapa Nairobi niliandika "mato" kwenye insha, nikapigiwa mstari mwekundu.

Mwanzisha uzi

Shukrani, kaka. Mstari huo mwekundu una historia, na wadau waisikie.

Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, na lahaja iliyochukuliwa kuwa msingi ni Kiunguja, cha Zanzibar. Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, lahaja zilizokuwa zimebeba mashairi kwa karne nyingi, zikabaki nje ya vitabu vya shule. Mimi nasema macho, nchi, kucheka. Kaka anasema mato, nti, kuteka. Macho yangu hayaoni zaidi ya mato yake.

Ndiyo maana mtoto wa Nairobi akipewa shairi la Muyaka bin Haji anadhani limejaa makosa. Muyaka aliishi Mombasa, kati ya karne ya 18 na ya 19, wakati Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakipigana na masultani wa Oman. Aliandika juu ya vita hiyo, juu ya njaa, mapenzi, nyumba yenye ufa, deni. Husemwa kwamba ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni.

Na kwa wale wanaoniuliza kama fasihi yetu ililetwa na wamisionari: Utendi wa Tambuka, kazi ya Mwengo wa Athumani wa Pate, una tarehe ya 1728. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Hesabuni wenyewe, ni miaka 116 kabla. Na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia. Mama anaugua, anamwita mwanawe aje na wino na karatasi. Kuna mtu hapo aliyengoja kufundishwa kuandika?

Mwanafunzi Rongai

Mizani sasa. Mwalimu anasema nane kwa nane lakini mimi nikihesabu napata saba au tisa. Mtihani ni mwezi ujao.

Mwanzisha uzi

Mwanangu, kaa hapa, hili tulifanye polepole. Nimetunga ubeti sasa hivi nikingoja mteja:

*Nimeketi kibandani, vitabu nimevipanga,*
*Wapita walo njiani, kwa macho wanavichunga,*
*Mtoto yuko mbeleni, swali lake lanigonga,*
*Jibu limo ulimini, usende mbali kutanga.*

Mizani huhesabiwa kwa silabi, kwa sikio. Piga meza: ni-me-ke-ti-ki-ba-nda-ni. Nane. "Nda" ni pigo moja, usiipasue kuwa n-da. Sasa mstari wa tatu: m-to-to-yu-ko-mbe-le-ni. Ile "m" ya mtoto inasimama peke yake, ni pigo zima, lakini "m" ya mbeleni imeshikana na b, haihesabiwi. Hapo ndipo wengi hupata saba au tisa. Ukiwa na shaka litamke neno kwa kuliburuza kama unamwita mtu ng'ambo ya barabara: mmm-toto. Mdomo ukikaa kwenye m, hiyo ni mizani. Ukikataa kukaa, endelea.

Kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili utao. Vina vya kati ni -ni, vya mwisho ni -nga. Mishororo minne, basi ni tarbia. Na "usende" nimeifupisha kutoka usiende ili mizani itimie. Hiyo ni ruhusa ya mshairi, lakini mwenye kuitumia awe ameihitaji kweli. Kwenye utenzi mambo ni mepesi kidogo: vipande vinne vifupi vya mizani nane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi ubeti hadi ubeti.

Piga meza kwa wiki moja, na mtihani utauona mwepesi.

Mama Kayole

Na nyimbo, Mzee? Umetaja nyimbo kwenye kichwa cha uzi.

Mwanzisha uzi

Zipo, dada. Niseme kwa ufupi juu ya bendi, halafu nikae kwenye moja.

Wateja wa umri wangu huuliza kwa nini Kiswahili cha zilizopendwa za Nairobi ni kisafi hivyo. Sehemu ya jibu ni Tanga. Wale ndugu wa Kinyonga walioanzisha bendi ya Simba Wanyika walitoka huko, wakaweka makao Nairobi miaka ya 1970, na kutoka kwao zikazaliwa Wanyika nyingine tulizozicheza harusini. Na mwenye kutaka mzizi wa taarab asome habari za Siti binti Saad wa Fumba, Zanzibar, aliyezunguka akiuza vyungu vya mama yake kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kitabu hicho hakikai kibandani kwangu siku mbili.

Ule ninaotaka kukaa nao ni wimbo wa taifa. Mwaka 1963 watu watano walipewa kazi ya kuutengeneza: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti yake haikutoka kwa wanajeshi wala kanisani. Ilitoka kwa akina mama wa Kipokomo wa Mto Tana, ni wimbo wa kumbembeleza mtoto alale. Mkisimama tena kuuimba, punguzeni mwendo kidogo, mtasikia mgongo wa mama ukiyumba. Na maji ya mabombani mwetu hapa Nairobi mengi hutoka Ndakaini, kwenye Mto Thika, unaoingia Tana. Tunakunywa juu ya mto uleule ambako wimbo ule ulikuwa unaimbwa chini.

Watoto huuliza "natukae" ni neno gani. Ni na-tukae. Hiyo na- ni ya kuhimiza, ya zamani. Kanisani bado mnaisikia: natuombe. Haina uhusiano na na- ya "ninakaa".

Dereva wa Embakasi

Mimi la mwisho. Kariokor ya hapa Nairobi na Kariakoo ya Dar, ni jina moja au yamegongana tu?

Mwanzisha uzi

Ni jina moja, na ni jina zito. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walikusanya wapagazi Waafrika kwa maelfu mengi, wengi wao kwa nguvu, wabebe chakula na risasi vichwani dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ugonjwa na njaa viliwaua kuliko risasi. Kambi zao zilikuwa Nairobi, na Dar es Salaam pia baada ya Waingereza kuiteka. Vita vikaisha, kambi zikaondoka, jina likabaki midomoni, kila mji kwa lafudhi yake.

Ukitoka Kariokor ukapanda mpaka Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu za shaba, za mwaka 1928. Watu hupiga picha hapo na kuendelea. Wawili wana silaha. Wa tatu hana, ndiye mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na wapagazi wanatajwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mimi hupita pale jioni nikirudi nyumbani. Kinachonishika kila mara ni kwamba majina ya watu wale hayapo hapo, lakini soko zima huku chini linaitwa kwa kazi yao, na Dar hali kadhalika.

Mwanzisha uzi

Msomaji wa Umoja, nimerudi na kumi yako.

Kumi haishiki kiambishi kwa sababu tangu mwanzo ni nomino, si kivumishi kama -tatu na -tano. Ni jina la fungu. Ndiyo maana ina wingi wake, makumi, na ndiyo maana kwenye hesabu za watoto tunafundisha "makumi na mamoja". Watu kumi ni kama kusema watu, fungu zima. Kikuyu wana ikũmi, na wingi wao ni makũmi, mirongo nayo ipo kwa hesabu kubwa zaidi. Kwa hiyo kumi ni ya nyumbani kabisa, ila tangu zamani imekaa kiti chake yenyewe.

Nimeiandika daftarini chini ya swali la mtoto. Leo mchana yule mama amepita tena peke yake kuchukua kitabu cha pili, shilingi 150. Ameniambia binti amempigia cucu wake, yaani bibi yake, simu Murang'a kumwuliza kama anajua tandatu.

Nani ana swali jingine?